Toto kwa Herufi Nne

Busia, upande wa Kenya
2 Juni 2025

Amuge binti yangu,

Nimempa Phanuel njugu na bahasha hii akuletee na pikapu yake. Njugu ni gorogoro nane kamili, nimezipima mwenyewe. Zikifika saba na nusu muulize yeye, usisingizie panya.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yangu nikiwa dukani inajiona iko Uganda, nikiingia jikoni inarudi Kenya, na kila ikivuka inanikata. Halafu kwa simu wewe unajua maneno mawili tu: "sawa mama". Kwa barua angalau naona ulipofuta.

Ndani ya bahasha kuna ile barua ya udhamini ya kupeleka kwa watu wa chuo. Ulisema niandike mimi ni nani, nafanya kazi gani, na wewe ni nani kwangu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha bei na uzito. Nimeandika kwamba nauza maharage na njugu hapa mpakani, kwamba mwaka 2003 nilianza na debe moja kichwani na leo nina stoo ya magunia mia mbili, na kwamba hakuna mwanamume aliyeniwekea hata tofali. Hiyo ya tofali ukiona haifai, ifute. Mimi ningeiacha.

Nimeandika pia kwamba ulianza kuniita toto ukiwa na miaka miwili, na mimi nikaitika. Wazungu wanataka ukweli. Ukweli ndio huo.

Bado sijaelewa mtu anavyopanda ndege kwenda Uingereza kusoma udongo. Udongo si uko hapo Osukuru? Unafundisha juu yake, unalala juu yake, na kiwanda cha mbolea kinauchimba mbele ya macho yako. Lakini chuo kimekubali kukulipia karo, na anayekupa karo humkatai hata akifundisha mavumbi. Kilichobaki ni chakula na kitanda kwa miezi tisa. Nimepiga hesabu: milioni moja na laki nane za Kenya. Kwa pesa za Uganda ni karibu milioni hamsini, ndiyo maana naitaja kwa za Kenya. Inasikika ndogo.

Kula. Ulipokuja Pasaka shingo yako ilikuwa ya jogoo.

Mama yako,
Wilkister Asekenye

---

Osukuru, Tororo
8 Juni 2025

Mama mpendwa,

Njugu zimefika saba na robo. Phanuel anasema barabara ina mashimo. Nimemuuliza mashimo yanakula njugu tangu lini, akacheka, nikaona maganda kwenye kiti chake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Tofali nimeliacha. Nimeituma Kampala kwa mfasiri mwenye muhuri, kwa sababu chuo hakipokei Kiswahili, na mimi siruhusiwi kujifasiria mwenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo halitakupendeza, kwa hiyo kaa kwanza. Hiyo pesa ya chakula haitoshi kuwepo tu. Lazima ikae benki siku ishirini na nane, na isishuke chini ya kiwango hata siku moja. Ukiitoa asubuhi ukairudisha jioni, watu wa viza wanaanza kuhesabu upya. Mimi sikuitunga sheria hiyo.

Na kuhusu toto, sikujua kama unakumbuka. Niliacha kukuita hivyo nikiwa darasa la tatu. Wale watoto wa kwa Mama Fidel walikuwa wananifuata njiani wakiimba kwamba namwita mamangu mtoto. Kwa Kiteso ni mama, kwa Kiswahili ni mtoto, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kuwaeleza watoto kumi na mmoja. Nikaanza kukuita Mama kama wengine. Hukusema kitu, nikadhani hukuona.

Nakula. Shingo imezaliwa hivyo.

Binti yako,
Amuge

---

Busia, upande wa Kenya
12 Juni 2025

Amuge,

Nilikaa kama ulivyosema. Haikusaidia.

Siku ishirini na nane? Pesa yangu haijawahi kulala hata siku tatu. Asubuhi ni maharage, mchana ni mafuta ya lori, jioni ni maharage tena. Pesa isiyozunguka imekufa, ndivyo nilivyojifunza bila kufundishwa na mtu. Hao watu wanataka kuitazama ikiwa maiti wiki nne ndipo waamini ilikuwa hai.

Lakini nitailaza. Usinishukuru, bado sijamaliza kunung'unika.

Na niliona. Ilikuwa muhula wa pili, ulirudi shuleni ukaniita Mama, nikageuka kuangalia ni mtoto wa nani ameingia.

Mama yako,
W. Asekenye

---

Osukuru
24 Juni 2025

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa barua hii kabla hujaimaliza.

Chuo kimejibu. Yule mfasiri wa Kampala ni Mnyankole, Kiteso hajui hata salamu. Alipofika kwenye toto akaitafsiri kama Kiswahili. Kwa hiyo barua yako kwa Kiingereza inasema kwamba nikiwa na miaka miwili nilianza kukuita mtoto wangu, na wewe ukakubali. Mama wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ameandika kwa upole sana. Anaomba tumweleze imekuwaje mdhamini aliyezaliwa mwaka 1980 awe mtoto wa mwombaji aliyezaliwa 2001.

Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu mpaka Jovan wa hesabu akaniletea maji.

Kisha nikasoma sehemu ya pili. Anasema: kama maana yake ni mama, mbona cheti cha kuzaliwa kinasema mama ni Akiror Jesca? Mdhamini ni lazima awe mzazi. Mama mdogo haruhusiwi, hata kama ndiye aliyelea. Hawatatoa karatasi ya kuombea viza mpaka tueleze, na mwisho ni tarehe thelathini na moja Julai.

Nimekwenda kwa wakili hapa Tororo mjini. Amesema cha kwanza ni kusafisha jambo hili kwa kiapo. Amekiandika, nimekiweka humu. Ni mstari mmoja tu. Ukisaini, tutajua pa kuanzia.

Binti yako,
Amuge

---

Busia, upande wa Kenya
27 Juni 2025

Kwa Amuge Emmy,

Nimekisoma kiapo chako. "Mimi, Wilkister Asekenye, naapa kwamba mimi si mama wa Amuge Emmy." Wakili wako hapotezi wino.

Sisaini.

Nimewahi kusaini vitu vingi. Nimesaini mikopo, nimesaini kesi ya kiwanja, nimesaini karatasi za forodha zilizosema maharage yangu yana unyevu wakati yalikuwa makavu kuliko koo la aliyeyapima. Hiki sitasaini. Siku tuliyomzika dada yangu pale Buteba nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Watu walikula, wakaimba, wakaenda. Nilivuka mpaka jioni na wewe mgongoni na debe la maharage kichwani, na askari wa upande wa Kenya akaniuliza, "Huyu mtoto ni wa nani?" Nikasema wangu. Hakuniomba kiapo. Alitaka maharage, nikampa viganja viwili, tukapita.

Sasa wataka nimwambie mwanamke ambaye sijamwona kwamba siku hiyo nilidanganya?

Kama shida ni cheti, cheti kinatengenezwa. Kuna kijana nyuma ya stendi anachapa cheti cha kuzaliwa unaposubiri, na muhuri wake umenyooka kuliko wa serikali. Ataandika mama ni Asekenye. Kila kitu kitakubaliana na kila kitu: cheti, barua, benki, na midomo ya watu. Nipe ruhusa tu, na siku yako ya kuzaliwa. Ya pili naijua.

Usimtume Phanuel mikono mitupu, nataka jibu.

W. Asekenye

---

Osukuru
1 Julai 2025

Mama,

Usiende kwa huyo kijana. Wakigundua cheti ni cha uongo wananifungia mlango miaka kumi. Lakini hata wasingegundua nisingekitaka. Cheti hicho kingemfuta yeye aliyenizaa. Picha yake iliungua, nguo zake ziligawanywa, na kaburi lake halina maandishi. Mahali pekee jina lake limeandikwa pamoja na langu ni kwenye ile karatasi ya hospitali ya Masafu. Nisaidie nisimwondoe na mimi.

Sikutaka kukuumiza na kile kiapo. Nilikisoma kama wakili alivyokisoma. Baada ya barua yako nikakisoma kama wewe, nikakichana.

Jumamosi nilikwenda Buteba kwa baba. Amekubali kusaini. Nitakueleza vizuri tukionana, maana Phanuel amewasha gari na anapiga honi.

Amuge

---

Busia, upande wa Kenya
4 Julai 2025

Amuge,

Vizuri. Baba yako ni mzazi, cheti kinasema hivyo, na chuo kitafurahi. Weka pesa kwenye akaunti ya Osinya.

Nikukumbushe tu alivyokulea, usije ukakosea ukiulizwa. Kwa miaka ishirini na miwili amevuka mpaka kuja kukuona mara mbili. Mara ya kwanza alileta jogoo. Mara ya pili alikuja kumla.

Niambie ni benki gani nipeleke hiyo pesa. Njugu hazijaisha, lakini leo sikutumii.

W. Asekenye,
Muuza maharage

---

Buteba
8 Julai 2025

Shemeji yangu Asekenye,

Nakusalimia sana. Sisi hapa tuko wazima. Mvua ilikuja kidogo, muhogo iko.

Kiswahili yangu unaijua. Cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Phanuel alipita hapa kununua muhogo. Yeye nasema wewe uko na hasira, ati Osinya amechukua mtoto na pesa yako. Shemeji, mimi niko na akaunti moja, ya chama ya pamba. Iko na shilingi elfu hamsini na tano ya Uganda tangu mwaka ule mwingine. Mtu akiweka milioni yako mle ndani, hata meneja ataita polisi.

Mtoto hakuja kutaka jina yangu kwa benki. Alikuja Jumamosi, akakaa hapo kwa kigoda, akasema, "Baba, kuna mtu huko ng'ambo nauliza toto ni nani. Nataka usaini kwamba Asekenye ndiye alinilea, wewe hukunilea." Alisema hivyo hivyo, mbele ya mke wangu. Mimi niliangalia chini. Kisha nikasema, lete kalamu. Nilisaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yeye pia akasaini, na mhuri akaweka.

Nikamwambia ukweli, karatasi kama hiyo ni nzito kusaini. Akasema, "Baba, ile aliyobeba yeye ilikuwa nzito zaidi." Mtoto amechukua mdomo yako. Yangu hakuchukua.

Mambo ya jogoo najua bado unahesabu. Nimempa Phanuel jogoo mbili. Moja ni ile ya kwanza. Nyingine ni ya kukaa miaka yote bila kuja.

Kaburi ya Akiror nimeanza kuweka simenti. Wewe utaniambia tuandike nini.

Mimi,
Osinya

---

Busia, upande wa Kenya
11 Julai 2025

Amuge binti yangu,

Jogoo wawili wamefika. Mmoja ana hasira kama yangu, nimempa jina la wakili wako.

Babako ameniandikia. Mimi, ninayewakemea wachuuzi kila siku, nilijumlisha kabla ya kuona namba zote. Siku nyingine Phanuel akipiga honi mwache apige. Maneno "amekubali kusaini" bila kusema anasaini nini ni sawa na kuniuzia gunia lililoshonwa.

Sasa sikiliza. Nilichukua ile karatasi ya masharti uliyoniachia Pasaka, nikaipeleka kwa karani wa benki, msichana mmoja Msamia mwenye subira, anisomee polepole. Akasoma: pesa iwe ya mzazi, au ya mwanafunzi mwenyewe. Nikamwambia rudia. Akarudia. Au ya mwenyewe.

Wewe mwenye digrii ya kemia, hukuyaona maneno hayo? Uliyaona. Uliogopa kuniambia, "Mama, toa pesa yako yote uiandike jina langu." Ukaona bora niumie kwa kiapo kuliko uniombe. Amuge, wewe ni mjinga wa aina niliyolea mwenyewe, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu.

Njoo Jumatano na pasipoti yako. Tutafungua akaunti Busia upande wa Uganda, jina lako tupu, na nitaiweka yote siku hiyo hiyo. Sitaki karatasi ya deni. Sitaki shahidi. Nikitaka kujua iko wapi nitakuuliza.

Kuhusu kiapo, mwambie wakili nitasaini, ila maneno ni yangu. Aandike hivi, na asipunguze:

"Mimi Wilkister Asekenye ni mdogo wake Akiror Jesca, aliyemzaa Amuge katika hospitali ya Masafu. Akiror alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Katika lugha yetu mama ni toto, na mdogo wake mama ni toto. Hatujatenga neno la pili. Mtoto huyu ana toto wawili. Mmoja amelala Buteba. Mwingine ndiye anayeapa hapa."

Na safari hii tafuta mfasiri aliyezaliwa huku.

Mama yako,
Wilkister Asekenye

---

Osukuru
14 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Jana zilitimia siku ishirini na nane, na nikaongeza moja ya kuogopa. Pesa iko kama ulivyoilaza. Kiapo kilikubaliwa tangu mwezi uliopita, kama nilivyokutumia habari, na karatasi ya chuo ilitoka. Wiki ijayo nakwenda Kampala kutoa alama za vidole.

Lakini nina neno na wewe.

Kwenye barua zako tatu za mwisho uliandika kwamba unapumzika. Nikafurahi, nikasema hatimaye. Jana nikamuuliza Phanuel mbona siku hizi haji na magunia. Akanyamaza. Phanuel kunyamaza ni kama simu yako kukaa mtandao mmoja. Nikamkazia macho, akasema stoo ni tupu. Akasema maharage ya msimu yametoka Masafu na Buteba kote, wanunuzi wamejaa mpaka Malaba, na wewe unakaa mlangoni kwa kiti cha plastiki ukiwapimia watu wengine kwa mizani yako, kwa shukrani tu.

Mama, huo ndio msimu wako wa kununua. Unangoja mwaka mzima kwa wiki hizo. Nilijua pesa italala, sikujua stoo italala nayo. Mbona hukusema?

Nitoe nusu nikurudishie, viza niombe mwaka ujao. Udongo hauendi popote.

Amuge

---

Busia, upande wa Kenya
17 Agosti 2025

Amuge,

Phanuel ana mdomo kama gunia lililotoboka. Nimemwambia.

Usitoe hata shilingi. Ukiitoa sasa nitakuwa nimekosa msimu na wewe umekosa chuo, hasara mbili kwa bei ya moja. Hesabu hiyo hata Jovan wako wa hesabu angeiona, kama angekuwa anaangalia ubao badala ya kukuletea maji.

Ndiyo, nimekosa msimu. Bei ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Nilikuwa naziangalia pikapu zikipita na mkono unaniwasha. Wajina wako, Amuge mdogo wa kwa Otai, amenunua magunia arobaini na akaja kuniringia, halafu akaniomba nimpimie kwa sababu mizani yake inaiba. Nikampimia. Msimu wa pili unatoka Desemba, nami nina njugu kidogo na jina. Watu wa Masafu wamesema watanipa maharage kwa mkopo. Kwa miaka yote niliwalipa siku hiyo hiyo, sasa nimegundua jina nalo lilikuwa linalala benki.

Sikukuambia kwa sababu ungefanya hivi unavyotaka kufanya.

Na kupumzika si uongo mtupu. Nimefagia stoo mpaka kwenye kona kwa mara ya kwanza tangu niijenge. Chini ya mbao za nyuma nimepata kalamu tatu za shule, ubao wa kuandikia wenye jina lako, na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Nilikuchapa kwa sababu ya kiatu hicho kupotea. Kumbe kilikuwa nyumbani.

Nenda Kampala. Vaa ile sketi ya buluu, usivae suruali ya kubana. Alama za vidole hazichukuliwi kwenye mapaja.

Mama yako,
Wilkister Asekenye

---

Osukuru
9 Septemba 2025

Mama,

Imetoka.

Naandika nimesimama, Phanuel anapiga honi, na safari hii nimemwambia apige mpaka betri iishe: viza ya masomo, mwaka mmoja na miezi kadhaa, jina langu, limeandikwa sawasawa. Naondoka Jumapili usiku. Kesho nakuja kulala kwako siku mbili. Ijumaa twende Buteba wote wawili, tuone ile simenti.

Amuge

---

Sheffield, Uingereza
3 Oktoba 2025

Kwako,

Naandika jina lako la mwanzo mwishoni, utaona kwa nini.

Nimefika, nakula, na udongo wao ni mweusi na umejaa maji kama uji. Mwalimu wangu alipoona ile chupa ya udongo wa Osukuru niliyobeba, aliishika kama mtu anayeshika yai. Njugu ulizonipa nimegawa kwa wenzangu wanne. Mmoja ameniuliza zimetiwa nini. Nikamwambia chumvi na masimango.

Baridi sitakueleza. Hungeamini, na ungeanza kutuma mablanketi.

Wiki iliyopita tulikwenda kujiandikisha zahanati. Wanakupa fomu: jina, tarehe ya kuzaliwa, dawa unazotumia. Mwisho kuna mahali pa kuandika mtu wa kuitwa ukizidiwa, na ni nani kwako. Nikaandika Wilkister Asekenye, na namba zako zote mbili, ya jikoni na ya dukani. Kisha nikafika kwenye "ni nani kwako", kalamu ikasimama. Nilifikiria yule mfasiri, na mama wa ofisi ya chuo, na wakili wa Tororo, na watoto wa kwa Mama Fidel.

Nikaandika neno lile.

Kijana wa mapokezi alikuwa anaingiza kwenye kompyuta, akaniuliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, T, O, T, O. Akauliza maana yake. Nikasema ni mama. Akasema, "Ni fupi, nimelipenda," akabonyeza, likaingia. Hakuomba kiapo. Hakutaka hata maharage.

Kaburi limekauka? Mwambie baba asikanyage pembeni.

Nakukumbuka sana, Toto.

Amuge

---

Busia, upande wa Kenya
26 Oktoba 2025

Amuge,

Barua yako imefika kwa posta siku ishirini na moja baadaye, imelowa kona moja. Phanuel angeileta mapema zaidi, ila ingefika imeliwa.

Kaburi limekauka. Babako ameandika jina la Akiror kwa mkono wake, na R moja imepinda, nikamwambia aiache. Nimenunua magunia kumi na mawili ya maharage ya akiba, usiniulize kwa pesa gani. Jogoo Wakili amekufa, nimemla. Alikuwa mgumu.

Hilo neno nimelisoma dukani, nikalisoma tena jikoni, kuona kama litabadilika nikivuka. Halikubadilika.

Wewe unajua nasema kila siku kwamba kitu kisichozunguka kimekufa. Neno langu umekaa nalo tangu darasa la tatu, na mimi nikalihesabu kwenye hasara, nikalifuta. Benki ilitaka siku ishirini na nane. Wewe umeliweka miaka kumi na mitano, na halikushuka.

Vaa soksi.

Toto